Niliwasimamisha wanafunzi tukaomba, sasa nimeitwa na mkuu wa idara

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia saa nane za usiku kwa saa za huku Marekani, maana usingizi umenihama. Nina miaka 31, ni Mtanzania, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha serikali ya jimbo. Nasomea uzamivu, na ili chuo kinilipie karo na kunipa posho nafundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Darasa langu lina wanafunzi 16 na nawapenda. Wameshaanza kutaniana kwa Kiswahili.

Mwezi uliopita mmoja wao, binti mpole asiyekosa kipindi, aliingia darasani macho yamevimba. Bibi yake aliyemlea alikuwa amefariki alfajiri ile. Mama, wewe unajua tulivyolelewa. Sikufikiri mara mbili. Nilifunga kitabu, nikasema "Tusimame," nikaomba kwa Kiswahili dakika mbili hivi, sala ya kawaida ya kumwombea mfiwa faraja, nikamaliza kwa jina la Yesu. Wote walisimama. Wachache waliitikia "Amina". Yule binti alinikumbatia, akasema asante.

Siku nne baadaye nikapata barua pepe ya mkuu wa idara. Kuna mwanafunzi amemwandikia. Hakulalamika kwa ukali. Amesema yeye haamini kwamba Mungu yupo, na kwamba alitamani kubaki amekaa ila aliogopa, kwa kuwa mimi ndiye ninayetoa maksi. Mkuu wa idara anataka maelezo ya maandishi, halafu tukutane Alhamisi ya wiki ijayo. Kanikumbusha kwamba hiki ni chuo cha serikali, na serikali haisalishi watu.

Jina la mwanafunzi hakulitaja, lakini nalijua. Katikati ya ile sala nilifumbua macho nikamwona kijana mmoja amesimama wima, macho wazi, anatazama ubao. Na hapa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatatu nilikuwa nasahihisha insha zao, na nilipofika kwenye ya kwake mkono ukawa mzito. Nilimkata alama tatu kwa makosa ya ngeli ambayo kwa wenzake huwa nayazungushia duara tu. Baadaye nikamrudishia. Lakini nilizikata kwanza.

Kuna na hili. Ijumaa jioni naongoza ushirika wa maombi wa wanafunzi wa Kiafrika, katika chumba cha chuo tunachopewa kama vikundi vingine. Wanafunzi wangu wawili huja, na mmoja wao ana A. Naogopa hilo nalo litaibuliwa.

Kaka mmoja wa kanisani amenitumia habari za kocha aliyeshinda kesi Mahakama ya Juu mwaka 2022 kwa kuomba uwanjani. Anasema nisiandike maelezo yoyote, nitafute wakili, hawa watu wanauchukia Ukristo. Rafiki yangu anafundisha chuo cha Kikatoliki katika mji huu huu. Yeye huanza vipindi kwa sala na hakuna anayemgusa. Mama yangu kaniambia kwa simu, "Usije ukamkana Bwana kwa ajili ya posho." Nililia.

Nimeshaanza kujipunguza. Nimefuta slaidi ya salamu iliyokuwa na "Sijambo, namshukuru Mungu." Nimeondoa "Mungu akipenda", nimeondoa "inshallah", nimeondoa hata methali ya "Mungu si Athumani" waliyokuwa wanaicheka vizuri. Mkufu wangu wa msalaba nimeuvua. Nikisimama mbele ya darasa najiona kama mtu aliyeazima mdomo wa mwingine.

Niombe radhi? Niache ushirika? Nipigane? Nisaidie, mama.

Binti wa Mchungaji, Marekani

*

Marahaba, mwanangu. Na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linarudi kwenye zile alama tatu. Usidhani nazitaja ili nikuumize. Ungeweza kuzificha, nisingejua. Kwa kuzitaja umenionyesha kwamba sehemu ya jibu tayari unayo, ila imekaa upande usioutazama.

Unaliona jambo hili kama mvutano kati ya imani yako na serikali ya watu. Kaka wa kanisani naye analiona hivyo, na mama yako pia. Huenda lina sura hiyo. Lakini yule kijana hakusema umeamini vibaya. Alisema aliogopa kubaki amekaa kwa kuwa kalamu ya maksi unayo wewe. Na wiki moja haikuisha, ile kalamu ikamfikia. Ukazirudisha, ndiyo, nami nakuheshimu kwa hilo. Ila yeye alipokuwa amesimama akitazama ubao hakuwa na namna ya kujua kwamba ungezirudisha.

Mimi ni Mwislamu, ni vizuri ulijue hilo mapema. Nilifundisha Kiswahili huko huko Marekani miaka tisa, chuo cha serikali kama chako, kabla sijarudi nyumbani. Mwaka wangu wa pili nilipanga mtihani wa katikati ya muhula siku ya Yom Kippur, siku ambayo Wayahudi hufunga na kuomba tangu jua la jana lizame. Sikujua. Kalenda yangu ilikuwa na Ramadhani na Krismasi tu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja, akafanya mtihani wote akiwa na njaa, akakabidhi karatasi, akasema asante mwalimu. Nilikuja kujua baada ya mwezi mzima, tena kwa mtu mwingine. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alicheka tu, akaniambia hakutaka kuonekana msumbufu. Tangu siku hiyo, darasa likiwa kimya mbele yangu siharakishi kusema limeridhika.

Kwa hiyo ukiniambia "wote walisimama," nakuuliza kwa upole: ungekuwa wewe, mgeni mwenye viza ya masomo, mwalimu wako akasema tusimame kwa ibada ya dini usiyoijua, ungekaa?

Nyumbani swali hili halitusumbui sana. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini hafla ya kitaifa huanza na dua ya shehe, sala ya padri na ya mchungaji, wakipokezana, na wimbo wa taifa wenyewe unaanza kwa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Sisi tunatenganisha kwa kumpa kila mmoja zamu. Wewe umekulia humo. Uliposema "Tusimame" hukuwa unamlazimisha mtu, ulikuwa unafanya kile ambacho mtu mzima yeyote wa kwenu angefanya mbele ya mfiwa. Nataka mkuu wako wa idara alielewe hilo, na katika maelezo yako lina nafasi.

Wenzetu wamekwenda njia nyingine. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yana vipande viwili kuhusu dini: serikali isiweke dini, na isimzuie mtu kufuata dini yake. Mwalimu wa chuo cha serikali anakaa juu ya vyote viwili kwa pamoja, kama mtu aliyesimama na mguu mmoja kwenye kila mtumbwi. Ukiwa Alhamisi jioni nyumbani kwako, wewe ni raia wa imani yako na serikali isikuguse. Ukiwa mbele ya ubao unalipwa na jimbo, na maneno yako yanaweza kuhesabiwa kuwa ya jimbo. Rafiki yako wa chuo cha Kikatoliki yuko nje ya mtumbwi huu. Chuo chake ni cha binafsi, na marekebisho hayo yanaibana serikali, hayambani yeye. Kujilinganisha naye kutakutia uchungu bure.

Sasa huyo kocha. Kaka yako wa kanisani hakukudanganya, ila kakupa nusu. Alikuwa kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani katika shule ya sekondari ya umma huko Bremerton, jimbo la Washington. Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Lakini walio wengi walisisitiza kwamba sala iliyobishaniwa aliifanya mwenyewe, kimya, mechi imekwisha, na hakuna mchezaji aliyetakiwa kujiunga. Desturi yake ya awali ya kusali pamoja na timu alikuwa ameshaiacha alipoambiwa. Majaji watatu waliopinga waliiona picha tofauti kabisa, hadi wakaweka picha halisi za uwanjani ndani ya maoni yao. Wewe hukuomba kimya, na kipindi hakikuwa kimekwisha. Wakili anaweza kukuambia zaidi yangu, mimi si mwanasheria, lakini usiingie vitani ukidhani silaha ya mwingine itakutosha mkononi.

Kuna kesi inayokaribiana zaidi na yako, na huyo kaka hakukutumia. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliyefundisha mambo ya mwili na mazoezi, alikuwa akigusia imani yake ya Kikristo darasani, na akaandaa kikao cha hiari baada ya kipindi, mitihani ikikaribia, kuhusu ushahidi wa Mungu katika mwili wa binadamu. Chuo kikamwandikia aache. Alishinda mahakama ya kwanza, akashindwa kwenye rufaa mwaka 1991. Hukumu ile haiyafungi majimbo yote, lakini inaonyesha upepo unavyovuma mwalimu anapokuwa kazini.

Na bado wakati mwingine upepo hugeuka. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilikataza sala ya rabi katika mahafali ya shule moja ya kati ya umma huko Rhode Island, ikisema kijana anayelazimika kusimama kimya anabanwa kweli, hata kama hatamki neno. Aliyeandika hukumu ni jaji aitwaye Kennedy, na yule kocha aliyekuja kushinda miaka 30 baadaye naye jina lake la ukoo ni Kennedy, basi ukisoma haya usichanganye. Kisha mwaka 1997 mahakama mbili za rufaa, kesi moja kutoka Indiana na nyingine kutoka Tennessee, zikaruhusu sala katika hafla za vyuo vikuu, kwa hoja kwamba waliohudhuria ni watu wazima. Mwaka 2003 mahakama nyingine ikakataza sala ya chakula cha jioni katika chuo cha kijeshi cha jimbo la Virginia, kwa sababu makuruta wale, watu wazima vilevile, hawakuwa na uhuru halisi wa kutoshiriki. Ona swali lilipo. Hawaulizi sana umri. Wanauliza kama aliyekataa angeweza kukataa bila kuumia. Hafla ya watu elfu kadhaa na darasa la watu 16 mbele ya mwenye maksi ni vitu viwili.

Kuhusu ushirika wa Ijumaa, hapo nakuona unaogopa kivuli. Mwaka 1981, katika kesi iliyotoka Chuo Kikuu cha Missouri cha Kansas City, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba chuo cha umma kikishafungulia vikundi vya wanafunzi vyumba vyake, hakiwezi kukifungia mlango kikundi kwa kuwa tu kinasali humo. Mwaka 1995 wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Virginia, waliokuwa na gazeti lao, walishinda kwa kura 5 dhidi ya 4 walipobaguliwa kwenye fedha za kuchapishia. Anayekwambia nchi ile inauchukia Ukristo mwonyeshe hizo. Kikundi chenu kina haki yake.

Swali linabaki kwako kama kiongozi, kwa sababu umevaa kofia mbili: mwanafunzi wa uzamivu kwenye ushirika, mwalimu kwenye darasa. Yule mwenye A huenda ameistahili kwa jasho lake. Lakini wenzake 14 wasiokuja Ijumaa wakijua, watafikiri nini? Unaweza kuendelea kuongoza na kumwomba mwenzako wa idara asahihishe mitihani ya wale wawili. Hilo ni rahisi, ila litakuhitaji useme wazi kwa mkuu wa idara jambo ambalo hajaliuliza. Unaweza kumwachia mwingine uongozi mpaka muhula uishe, ukabaki muumini wa kawaida. Hapo hatari ni kwamba utakosa familia uliyojijengea ugenini, na unaweza kuja kuwachukia waliokufanya uiache. Au unaweza kunyamaza na kuendelea kama kawaida. Hilo nalo ni chaguo, lakini wewe mwenyewe umeniambia unalala vibaya.

Maelezo ya maandishi ni jambo zito zaidi. Ukikataa kuyaandika, kama unavyoshauriwa, unaweza kuonekana mkaidi kabla hujasikilizwa, na kumbuka viza yako imeshikana na masomo, na masomo yako yameshikana na hiyo posho. Kabla ya hatua yoyote ya ubishi pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Vyuo vingi vina pia mpatanishi anayesikiliza kwa siri. Ukiandika kwa kujidhalilisha, ukaomba radhi hata kwa kuwa na imani, utakuwa umeweka kwenye faili jambo lisilo la kweli, nalo litakula moyo. Kati ya hayo mawili pana nafasi kubwa. Unaweza kueleza kilichotokea kama kilivyotokea: mfiwa, desturi ya kwenu, ulichokusudia, na unachokijua leo usichokijua siku ile. Kama neno la kuomba radhi linakuja, jiulize unamwomba nani. Sioni unamwomba Mungu radhi, wala sioni unaiomba serikali. Kuna kijana mmoja tu hapo.

Lakini usimwendee. Najua utatamani. Ukimfuata, hata kwa wema, atajua umemtambua, na hofu yake itaongezeka badala ya kupungua. Kama una la kumwambia, liambie darasa zima kwa sentensi moja au mbili, bila kumtazama yeyote. Au mwachie mkuu wa idara alifikishe. Kuhusu karatasi zake, kuna walimu hufunika majina wanaposahihisha. Mimi nilifanya hivyo baada ya ule mtihani wa Yom Kippur, na nilishangaa kuona ni nani niliyekuwa nampendelea.

Na yule binti aliyefiwa? Katika barua yako amekuwa mlango tu wa kuingilia kisa. Je, alikuomba umwombee? Huenda alikushukuru kweli, huenda alishukuru kukumbatiwa. Baada ya kipindi, mlango ukiwa wazi, ungeweza kumuuliza anataka nini, na kama angesema "Mwalimu, niombee," ungekuwa mahali pengine kabisa. Hata sasa hujachelewa kumuuliza anaendeleaje.

Nimebakiza mama yako. Neno la "kumkana Bwana" limekuchoma kwa sababu limetoka kwa anayekupenda. Sitaingia kati yenu. Ila wewe ni mtoto wa Wabaptisti, basi msimulie hadithi ya Wabaptisti wenzake wa Danbury, Connecticut. Jimbo lile lilikuwa na kanisa lake rasmi, la madhehebu ya Kiprotestanti yaitwayo Congregational, nao walikuwa wachache. Mwaka 1801 walimwandikia Rais Thomas Jefferson wakilalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu unahesabiwa kama hisani, si haki. Akawajibu tarehe 1 Januari 1802, na ndani ya barua hiyo ndimo ulimo ule msemo wa ukuta wa kutenganisha Kanisa na Dola. Msemo huo haumo katika Katiba yao. Umo katika barua waliyojibiwa waumini waliochoka kuishi chini ya dini ya wenye mamlaka. Connecticut iliendelea na kanisa lake rasmi hadi 1818. Sijui mama atasema nini. Mke wa mchungaji hakosi jibu.

Sasa hilo la kujipunguza. Hapa naona umepunguza pasipopasa. Mwaka 1963, katika hukumu hiyohiyo iliyokataza usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kuisoma dini kama elimu hakukatazwi. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua kwamba Mswahili akiulizwa hali humshukuru Mungu, Mkristo kwa Mwislamu, na pengine hata asiyesali kabisa, huyo hajafundishwa Kiswahili. Ukimwambia "hivi ndivyo wasemavyo" hujamsalisha. Ukimwambia "sema, kwa sababu ndiyo kweli" hapo umevuka. Na mkufu shingoni mwako ni wako. Sikuona popote katika barua yako mtu aliyekuambia uuvue.

Alhamisi nenda na maji ya kunywa, maana koo hukauka katika vikao vya aina hiyo, na kama chuo kinaruhusu nenda na mwenzako wa kukusindikiza. Sikiliza kwanza. Ukishatoka, niandikie walisema nini, nawe ulijibu nini. Na ile slaidi ya salamu, pamoja na Athumani wake, irudishe kabla ya Jumatatu.